Chenji ya Vitumbua

Hapo zamani, pesa hazijazaliwa, watu walinunua vitu kwa ndoto. Ukiamka unaimimina ndoto yako kwenye kibuyu, unakwenda nayo sokoni. Ndoto ya mvua, unapata chumvi. Ndoto ya kuruka angani, unapata kanga doti nzima. Ndoto ya kukimbizwa na nyoka hakuna aliyeipokea, unarudi nayo mwenyewe. Na ndoto ukishaitoa, huioti tena.

Basi Shomari, muuza nguo, mtu wa kupenda kuonekana, alifika kwa Bi Kibibi kununua vitumbua. Watu wamejaa. Akatoa kibuyu kizito. Bi Kibibi akachota kata moja, bei yake.

“Baba, ngoja chenji.”

“Aa, baki nayo!” Akapaza sauti hata viziwi wasikie. Hakuchungulia kibuyuni. Watu wa namna hiyo hawachungulii.

Jioni akaja Tatu, anayemchotea Bi Kibibi maji. Mtu mzima, mvi zimeanza, lakini hakumjua mama yake hata kwa sura.

“Shika, shoga, bakshishi yako,” Bi Kibibi akamwambia.

Tatu akailalia ile chenji. Akaona ua mweupe kwa ukungu, moshi unapanda polepole kama hauna safari, na mama anapepea moto akiita, “Mwanangu, njoo ule.”

Mama huyo alikuwa marehemu mama yake Shomari. Shomari alikuwa akimwona ndotoni humo tu. Sasa akilala, giza tupu. Akiamka, hata sura yake anaitafuta haiji. Akarudi sokoni mbio.

“Nirudishieni! Niliacha chenji, sikumwacha mama!”

“Ulichungulia?” Bi Kibibi akamuuliza. “Ulitaka kushukuriwa, nikakushukuru. Chenji nimempa Tatu, anayenichotea maji. Na ikitoka kwake hairudi kwako, inarudi kwangu niliyeachiwa. Au unadhani mimi niliokotwa jalalani? Mimi nami nilikuwa na mama.”

“Kwa hiyo uliitoa kwa nini?”

“Sikujua kilichomo. Nawe hukujua. Tumefanana, baba.”

Tatu, aliyekuwa akitua maji pale pale, akakikumbatia kibuyu cha ndoto. “Nimebeba maji mpaka utosi umeingia ndani. Nilichopewa ni jasho langu. Tangu nizaliwe sijaitwa mwanangu. Leo mnataka niamke?”

Wakajaribu kuigawa. Haikugawanyika. Ndoto ikishalaliwa, anayeiota ni mmoja tu.

Shomari akaketi chini vumbini na kanzu yake ile nyeupe. Tatu akamtazama, akasema taratibu, maana hakuwa mwongo:

“Jana aliniita, nikala, nikashiba. Halafu akatazama mlangoni akaniuliza, ‘Na kaka yako, mbona haji?’”



Haya, nyie mnaotafuna tu hapo, fungueni midomo kwa kazi nyingine: aliyeacha bila kuchungulia, aliyeachiwa akagawa, au aliyepewa akashiba? Je, nani alistahili kuitwa akale?