Mtungi Uliokataa Kunyamaza

Mwaka huo mvua iliruka bonde zima, na visima vyote vikakauka isipokuwa kimoja. Hicho kilikuwa cha Simba. Shambani zilibaki zabibu tu, maana mizizi yake huenda chini sana.

"Mimi nile matunda kama ndege?" Simba alisema wanyama walipompelekea.

Sungura akainama. "La, Mkuu. Wewe utakunywa mvinyo."

Simba alilipenda neno hilo. Akatoa amri: baada ya mwezi mmoja kila nyumba ilete mtungi wa mvinyo, ndipo ichote maji kisimani kwake. Asiye na mvinyo hana maji.

Sungura akawakusanya wenzake. "Kamueni zabibu, juisi ikae na maganda yake, maana chachu iko kwenye maganda. Funikeni kwa jani, msikaze, hewa itoke. Mtungi utachemka bila moto. Utabubujika siku nyingi."

Yaliyofuata Fisi hakuyasikia. Alikuwa ameshaingiza ulimi mtungini mwake, akilamba juisi.

Siku ya tatu mitungi yote ilibubujika kivulini, ila mmoja.

"Wako mbona kimya, Bwana Fisi?" Sungura aliuliza.

"Una aibu. Haujazoea wageni."

Ulikuwa mtupu. Sungura alipoondoka, Fisi alikimbia dimbwini, akachota maji ya tope yaliyobaki, akajaza mtungi. Ndani kitu kikapiga kelele.

"We mwizi! Hiyo nyumba yangu!"

Alikuwa Chura.

"Shikamoo, mzee Chura," alisema Fisi, ambaye hakuwa na desturi ya kuamkia mtu. "Hebu nipulizie mapovu kidogo humo."

"Nitapata nini?"

"Inzi, kila asubuhi. Mimi siwakosi."

Chura akapuliza. Mtungi wa Fisi ukabubujika kuliko yote, na Fisi akapita akijisifu: "Wangu una nguvu. Yenu inakohoa tu."

Wiki ya tatu mitungi ilianza kunyamaza, mmoja baada ya mwingine. Mwezi ulipotimia, Simba alikuja na kikombe. Alionja, akatikisa kichwa kukubali, akasogea, akaonja tena, hadi akafika kwa Fisi. Mtungi ulikuwa bado unabwabwaja.

"Huu vipi?"

"Mkali huo, Mkuu! Haunyamazi hata mbele yako."

"Mbele yangu?" Manyoya ya Simba yakasimama.

"Mkuu," alisema Sungura, "juisi hububujika chachu inapokula sukari yake. Sukari ikiisha, hutulia, na mvinyo umeiva. Nililieleza hilo siku ya kwanza, ila mwenzetu mdomo ulikuwa na kazi. Huu wa kwake sijui unakula nini."

Simba akaunguruma: "Kimya!"

Mapovu yakakoma. Kisha sauti ndogo ikatoka mtungini. "Samahani, Mkuu. Fisi ndiye aliyenituma. Na tangu juzi hajaleta inzi."

Simba alichovya kikombe, akaonja, akatema.

"Maji ya tope!"

"Ni maji, Mkuu, lakini..."

"Basi maji unayo. Kisimani kwangu unatafuta nini?"

Wengine wakapanga foleni kisimani na vibuyu vyao. Fisi akajitwika mtungi wake, akaenda kukaa peke yake juani. Kiu ilipomzidi, akaushusha na kuufunua.

Chura akatoa kichwa.

"Kunywa kiasi," alisema. "Hapa ninaishi."