Moto wa Mafiga Matatu

Mama mmoja wa milimani alikuwa na moto usiozimika, na mabinti wawili wa kuurithi. Moto ule aliuwasha katikati ya mafiga matatu, na kijiji kizima kilipata makaa kwake. Kwa desturi ya kule moto hauuzwi. Asiye nao huja na kigae, hupaliwa makaa, huenda zake kupika.

Siku moja aliwapalia binti zake makaa yale yale, kila mmoja kwenye kigae chake, akawaagiza wayafikishe ng'ambo ya mto, ambako watu walilala na baridi. Kisha akasafiri, akaahidi kurudi.

Sekela, mkubwa, alipuliza moto kwa kinywa, kama alivyomwona mama akifanya alfajiri. Atupele, mdogo wake, alipepea kwa ungo, kama alivyomwona mama akifanya jioni. Kila mmoja alisema njia yake ndiyo ya mama, na wote walisema kweli. Mimi nimekulia upande wa Sekela, na sioni haya kusema: tunajua kupuliza! Wala sioni ubaya dada wakibishana mtoni nani ana njia bora. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na kwa ubishi ule wote wawili walijifunza kuchagua kuni kavu.

Ubaya ulianza siku Sekela alipoingia kwa jirani aliyewashiwa na Atupele. Alikuta moto unawaka, chungu kinatokota. Akamwaga maji jikoni, akazoa majivu, akaweka kaa lake, akapuliza. Aliondoka akiimba kwamba amewasha jiko. Atupele aliposikia hakukubali kushindwa. Akajitwika mtungi wa maji, akaenda kwa jirani wa Sekela.

Basi wakaendelea hivyo. Kila jioni walipita kijijini kifua mbele, kila mmoja akitaja meko aliyowasha. Watoto wa majirani walikula viazi vibichi. Meko mengine yalilowa mno hata hayakushika tena moto wa mtu yeyote, na wenyewe wakafunga milango, wakasema hawataki kusikia habari za moto. Nani awalaumu?

Masika yakaja na baridi yake. Mwanamke wa ng'ambo aitwaye Mama Lugano alivuka kwa gogo la mtoni, kigae mkononi, kichanga mgongoni, mtoto amelegea kwa baridi hata kulia hawezi. Aliwakuta dada wale njiani wakibishana, kila mmoja na mtungi wake wa maji kichwani. Kaa hata moja hawakuwa nalo. Kabla ya salamu wakamuuliza moto wake uliwashwa na nani, ni wa kupuliza au wa kupepea.

"Dada zangu," akasema, "kwetu hakuna aliyewahi kutuzimia moto, kwa sababu hakuna aliyewahi kutuwashia. Mwanangu ananifia. Nipeni wa yeyote kati yenu."

Sekela alitua mtungi. Aliona aibu, na aibu ile ilimfaa. Atupele alikimbia kuleta makaa, Sekela akabeba kuni, wakavuka pamoja na yule mama. Kuni za masika ni mbishi. Pumzi ya Sekela peke yake haikutosha, wala ungo wa Atupele. Mmoja alipuliza, mwingine akapepea, moto ukashika. Mtoto alipopata joto alilia kwa nguvu, kisha akanyonya.

Moshi ulipopanda ng'ambo kwa mara ya kwanza, dada wale walisimama mlangoni wakijivuna, na safari hii walistahili. Hata mimi najivuna nao, maana moto ule ni wa mama yetu.

Nawe, ndugu, uliyerudi jana ukijisifu kwa jiko uliloliwasha: ulipoingia, ulikuta chungu kinatokota?