Ukingo Mweupe wa Picha ya Rajabu

Hapo zamani, si ile ya majini na masultani, zamani ya juzi tu, alikuwapo Tanga mzee mmoja akiitwa Mbaruku. Ujanani alikwenda Uingereza na rafiki yake Rajabu, wakaajiriwa katika kiwanda cha nyuzi. Rajabu akafia hukohuko, akazikwa hukohuko, akamwacha mkewe Bi Mwanahamisi bila hata picha moja, maana bwana yule kamera alikuwa haitaki kabisa. "Sura hii nani aitazame?" ndivyo alivyokuwa akisema, Mungu amrehemu.

Sasa, huko kulikuwa na mchoraji Mwingereza. Yeye alichora watu wa kazi: wafua nguo, wachimba makaa, watu wakitoka zamu. Kila mchoro aliuchapa nakala chache, na kila nakala akaitia sahihi kwa mkono wake, kwa penseli, kwenye ukingo mweupe wa chini. Mbaruku akazipenda. Akapata moja, akataka nyingine, mpaka zikafika kumi na moja. Katika moja, watu thelathini na wanane wanatoka langoni mwa kiwanda, na mmoja wao ni Rajabu. Lakini ni yupi? Watu wenyewe wadogo kama punje za mchele, pua hawana, macho hawana. Basi mchoraji, pembeni ya sahihi yake, akaandika Rajabu ni wa ngapi na kutoka upande gani.

Mbaruku akarudi Tanga, akamwambia mjane, "Shemeji, Rajabu ninaye nyumbani. Nitakuletea."

Bi Mwanahamisi alilia kwa furaha. Akasubiri mwaka. Akasubiri wa pili. Akasubiri miaka sita.

"Shemeji, vipi?"

"Bado kidogo, shemeji. Naitafutia fremu."

Fremu gani, jamani! Ukweli ni kwamba kila Ijumaa mzee alizitandaza zote kitandani, na kila akitaka kutoa ile moja, akiona zinabaki kumi, moyo unamuuma. Anazirudisha sandukuni.

Mpaka mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili. Hapo akashtuka. Akamwita bintiye Zaina: "Mwanangu, ipeleke hii kwa Fundi Kombo aitie fremu. Mwambie ukingo wa chini asiuguse. Rajabu ameandikwa pale."

"Sawa, baba."

Zaina akafika, akamkuta Fundi Kombo anagombana na watu wa harusi juu ya kioo kilichopasuka. Akaona haya kumwingilia. Tena fundi mwenye uzoefu wa miaka thelathini, yeye nani amfundishe kazi? Akaiacha mezani, akaenda zake.

Fundi naye akaipima, akaona kioo alichonacho kimepungua vidole vinne. Chini ya karatasi kuna maandishi ya penseli. Kwa fundi, penseli ya ukingoni ni vipimo, hukatwa na kutupwa. Akakata. Kipande kikafagiwa pamoja na maranda, mama wa vitumbua akaja kuchukua, akawashia jiko.

Mbaruku na Zaina wakaipeleka picha kwa Bi Mwanahamisi, fremu inang'aa. Akaishika kwa mikono miwili.

"Yupi?" akauliza.

Mbaruku akapapasa kioo mpaka chini, akagusa mbao. Zaina akainama asome: ukingo haupo. Mchoraji alikwisha kufa. Na yeye mwenyewe ile namba hakuiweka kichwani hata siku moja, kwa kuwa imeandikwa. Ole wake!

Fundi Kombo akaitwa. "Bibi, mimi sikuambiwa. Ningeambiwa, kioo ningenunua kingine."

Zaina akasema huku analia, "Mama, mimi niliambiwa, nikaona haya. Lakini mkasi sikuushika mimi."

Mbaruku akasema, "Shemeji, mimi nilikuchelewesha. Lakini ni nani aliyemwendea mchoraji akamwomba aandike? Bila mimi usingekuwa hata na hawa thelathini na wanane."

Bi Mwanahamisi akawasikiliza wote. Akatundika picha ukutani mwenyewe, akainyoosha. Kisha akasema, "Wawili kati yenu nimewasamehe, kwa moyo wangu wote. Mmoja nimeshindwa. Simtaji. Haya, nendeni."

Wakaenda. Zaina alijiona ni yeye. Fundi Kombo alijiona ni yeye, na tangu siku hiyo hakati karatasi ya mtu kabla ya kuuliza mara tatu. Mzee Mbaruku alirudi kwenye sanduku lake, akazitandaza kitandani picha kumi asizoziona, akazipapasa moja moja, kila moja na ukingo wake mzima. Akalia.

Na Bi Mwanahamisi, kila asubuhi husimama mbele ya ukuta akawasalimia watu wote thelathini na wanane, maana mmoja wao ni mumewe.

Haya, ninyi mnaojua kuhukumu, msinitazame mimi. Je, ni nani ambaye Bi Mwanahamisi hakumsamehe? Na ingekuwa wewe, ungemnyima nani?