Watatu wa Bohari na Likizo Moja

Kaeni mnisikilize, kisha mnisaidie, maana mimi kesi hii imenishinda.

Katika bohari ya chanjo ya mji mmoja wa baridi walifanya kazi watu watatu waliochoka. Ambakisye alikuwa mtu wa kuorodhesha. Hakukabidhiwa kitu asikiandike. Atupele aliweza kuongea na mtu yeyote bila kupandisha sauti. Sekela hakuamini neno mpaka aone kwa macho yake.

Walisimamia wakala wa akili mnemba, programu iliyosoma joto la majokofu ya zahanati arobaini na kuita gari la kuhamishia chanjo pindi jokofu linapoharibika. Kila jokofu lilikuwa na ufunguo wake wa siri, mlolongo wa herufi na tarakimu. Bila ufunguo huo wakala hakuona kitu.

Jumanne asubuhi ikajulikana kwamba funguo zimevuja. Mtu alikuwa ametuma faili lenye funguo hizo kwa makosa kwenye kundi la simu. Ikabidi zifutwe zote. Wakala akawa kipofu, na kesho yake watoto mia tatu walitarajiwa kuchanjwa surua katika zahanati ya Itekela.

Ambakisye akafungua orodha aliyoitunza miaka miwili huku wenzake wakimcheka: kila ufunguo uko wapi, unafungua nini, unabadilishwaje. Ndani ya saa moja akatengeneza funguo mpya arobaini. Bila orodha ile wasingejua hata pa kuanzia.

Atupele akashika simu. Kila muuguzi alipaswa kuingiza ufunguo mpya kwenye kifaa cha jokofu lake, naye akawasomea herufi moja moja.

"B ya baba, dada yangu. Siyo D. Ya baba."

Muuguzi mmoja alikosea mara nne. Atupele akaanza upya mara nne. Alipomaliza, saa tisa alasiri, sauti ilikuwa imemkauka.

Mara wakala akatangaza: jokofu la Itekela limezima, gari limetumwa. Ambakisye na Atupele wakaegemea viti. Sekela, macho mekundu, akauliza, "Gari gani?"

"Si limeandikwa limetumwa," Ambakisye akasema. "Dada, tupumzike."

Sekela akatazama. Lilikuwa gari la majaribio, jina tu kwenye kompyuta, halina dereva wala tairi. Walipomrudisha wakala kazini, mpangilio wake ulibaki ule wa mazoezi. Sekela akabadilisha mstari mmoja. Dereva wa kweli akapata ujumbe, akafika ikiwa imebaki nusu saa chanjo iharibike. Watoto wale wakachanjwa.

Ijumaa mkuu wao, Mama Kibona, akawaita. "Nina likizo ya wiki moja, ya mtu mmoja tu. Wakiondoka wawili, bohari inasimama. Nani aende?"

"Sijamwona mama yangu tangu mwaka juzi," Ambakisye akasema. "Na orodha ilikuwa yangu."

Atupele, sauti ikiwa bado haijarudi, akaandika kwenye karatasi: Orodha haikupiga simu.

"Na simu zote zile zilituletea gari lisilokuwepo," Sekela akasema, amefumba macho.

Walikuwa wamechoka hata kugombana.

Fomu ya likizo ingali mezani kwa Mama Kibona, pa jina pako wazi. Nawauliza ninyi mlionisikiliza: kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani?