Nguchiro na Memori ya Bwana Kiboko

"Nimwage?"
"Mwaga!"
"Nikizidisha chumvi?"
"Tutalamba!"
"Nikisahau katikati?"
"Tutakuzushia!"

Haya. Hapo kale, lakini si kale sana maana laptopu zilikuwa zimeshafika porini, alikuwepo Bi Nguchiro, karani wa Mtemi Chui. Mwili mdogo, pua ndefu, vidole vya umeme. Akigusa kibodi, ta-ta-ta-ta, barua imekwisha kabla Mtemi hajamaliza kupiga chafya.

Laptopu yake ya zamani ikafa, akaenda dukani kwa Bwana Kiboko. Pale mtoni hakuna mwingine aliyeuza laptopu, na Kiboko mwenyewe akikaa mlangoni, basi duka limefungwa. Kwenye boksi pameandikwa kwa herufi kubwa: MEMORI INAYOKIMBIA! MBIO 3200! Nguchiro akatoa asali yake ya msimu mzima, akachukua.

Kukimbia? Thubutu! Alipofungua tu orodha ya zamu za kunywa maji, laptopu ikaanza: kruu... kruu... kruu... Akabonyeza, akangoja. Akajikuna, akangoja. Akaenda kujisaidia, akarudi, akangoja.

Mtemi Chui akachungulia. "Nguchiro, orodha iko wapi? Watu wanaumana huko mtoni."

"Iko njiani, Mtemi."

"Isipofika kesho adhuhuri, nitakula karani."

Nguchiro akairukia kibodi. Akafungua ukurasa wa vipimo vya laptopu, akaona kasi ya memori: 2133. Huyoo, mbio mpaka kwa Kiboko.

"Bwana Kiboko, boksi linasema elfu tatu mia mbili. Laptopu yenyewe inasema elfu mbili mia moja thelathini na tatu. Nani mwongo?"

Kiboko akapiga mwayo, ng'waaa! "Soma vizuri, bibi."

Nguchiro akasogeza pua. Kabla ya ile 3200, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, palikuwa na neno moja: *hadi*.

"Hadi elfu tatu mia mbili," akasema Kiboko. "Sikusema itafika. Na mali ikishauzwa hairudishwi." Chubwi! Akazama mtoni, yakabaki mapovu.

Nguchiro akakaa ukingoni. Akalia kidogo, akatukana kidogo, kisha akafikiri.

Karibu na mto palikuwa na mwamba wenye ufa, na nyuma ya mwamba matikiti yamelala kama wagonjwa. Kesho yake alfajiri Nguchiro akatundika kibao penye ufa: MLANGO WA MATIKITI. UNAPITISHA HADI KIBOKO. Lile neno *hadi* akaliandika dogo, dogo kabisa. Kisha akapasua tikiti, akaanza kulifyonza, fyu, fyu, fyu, maji yakimchuruzika kidevuni.

Pua mbili zikatokea majini. "Unakula nini?"

"Matikiti, Bwana mkubwa. Lakini usije, utayamaliza."

Kiboko huyo! Kichwa, pu! kikapita. Mabega, gwa! yakapita kwa taabu. Tumbo, gubu! Likagoma. Mbele haendi, nyuma harudi, na tikiti la kwanza liko hatua moja tu kutoka kwenye ulimi wake.

"Nguchiro! Kibao kinasema kiboko anapita!"

"Soma vizuri, Bwana. Hadi kiboko. Sikusema utafika."

"Nivute basi!"

"Mnyama akishaingia harudishwi."

Wanyama wakajaa. Ngiri akacheka mpaka akakaa chini. Tumbili akacheka mpaka akaanguka kutoka mtini. Jua likapanda, mgongo wa Kiboko ukaanza kupasuka, akalia kwa sauti, "Nitasema! Kila laptopu ilikuja na memori mbili za kasi. Nilichomoa moja, nikapachika ya zamani. Zikiwa pamoja, ya kasi inajikokota na ya polepole."

"Na ulizochomoa?"

"Mbili zimo kwenye laptopu yangu. Nyingine ziko kwenye kopo, chini ya kaunta."

"Wewe laptopu ya kasi unaifanyia nini?"

Kiboko akainamisha macho. "Nacheza karata."

Wanyama wakalivamia duka, kila mmoja akachukua memori yake. Nguchiro akapachika yake, akapuliza vumbi, akabonyeza. Ta-ta-ta-ta-ta! Adhuhuri ilipogonga, orodha ilikuwa mkononi mwa Mtemi Chui, imenyooka, ina muhuri.

Kiboko alikaa ufani siku tano mpaka tumbo likapungua. Alipochomoka, akakimbilia mtoni, akazuiwa na askari Ngiri.

"Zamu yako bado, Bwana. Wewe ni baada ya Kobe."

"Kobe yuko wapi?"

"Anakuja."

Funzo lake ni hili: wenye maduka tuwaheshimu, tusikague mali zao, na tukiuziwa kibovu tunyamaze. Nguchiro hakunyamaza, na mnaona taabu aliyojitafutia: mpaka leo, kila asubuhi, lazima awe wa kwanza kunywa maji.

Hadithi imefika kwake, imevua viatu. Nami nafunga mdomo.