Ngozi Isiyo na Alama

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na milango na vyungu vyao, palikuwa na jambo ambalo sijalifumbua hadi leo. Nyati alipigana na simba watatu kumwokoa mwanawe, Mashaka. Iweje yeye huyo huyo amvunje kwa maneno?

"Mzigo wewe!" alimwambia kila asubuhi. "Simba wangekula, ningepumzika!"

Mashaka akakonda. Akawa anasema "samahani, baba" kabla hata hajakosea.

Jirani yao, Bi Pimbi, mdogo kama kikapu, akampeleka mtoto barazani kumshtakia baba yake. Tembo, mkuu wa baraza, akampapasa ngozi kwa mkonga kutafuta majeraha, kama desturi ilivyotaka.

"Haina alama. Hakuna kesi."

"Sijamgusa hata kwa unyasi!" Nyati akafoka. "Namlea kwa maneno tu, wewe usiye na mkia!"

"Na maneno hayaumizi, wazee wangu?" Bi Pimbi akauliza.

"Hayaumizi!" wakajibu wakubwa wote, Kifaru akiwazidi kwa sauti.

"Haya. Nimesikia."

Ikafika sikukuu ya mvua ya kwanza. Siku hiyo Bi Pimbi, kwa ukali wa sauti yake, ndiye hupanda mwambani kuwatangaza wakubwa kwa sifa wakiingia uwanjani. Nyati akaja amejipaka tope jipya, shingo juu.

"Kwiiii! Mpisheni Nyati!" Pimbi akapaza. "Mzigo huyo! Simba wangemla, tungepumzika!"

Kicheko kikalipuka: kwa! kwa! kwa! Machozi ya Nyati yakachora mistari kwenye tope.

"Ameniua! Mzee Tembo, huyu ameniua!"

"Pole, baba Mashaka," alisema Pimbi. "Mzee, hebu mpapase. Alama iko wapi?"

Mkonga ukainuka, ukabaki hewani.

"Maneno yale ni ya nani?" Tembo akauliza polepole.

Nyati akatazama chini. Mashaka ndiye aliyeinua kichwa.

"Ni ya baba. Ya kila asubuhi."

Wala hakusema samahani.

Baraza likaamua: tangu leo mtoto asikilizwe kwanza, ndipo apapaswe, na Mashaka akae kwa shangazi yake mpaka baba yake ajifunze kusema upya. Wakubwa wakatazamana, kwani Nyati alikuwa amesimama njiani: nani atamwambia apishe? Shangazi, dada mkubwa wa Nyati, hakuwangoja. Alimtanguliza Mashaka, akampita nduguye bila kuinamisha pembe.

Jeraha la neno halipapasiki, muulize mtoto.