Matumba Thelathini na Moja

Asmini ya wizi haichanui. Mmeisikia methali hii leo, mlipoona shuka la kudarizi la mtu mmoja limetundikwa ukumbini kwa jina la mtu mwingine, na mama mmoja akayasema maneno hayo kwa sauti ya chini, akaenda zake. Mkauliza yametoka wapi. Wapo watakaowaambia kuwa ni laana, na wengine watadai kwamba maua yana macho. Msiwasikilize. Maneno haya yana mji wake, siku yake na saa yake, na yalianza hivi.

Alhamisi moja ya mwezi wa Rajabu, saa tano asubuhi, Bi Mize binti Heri wa Pangani alifungua mlango wa uani kwake akakuta makopo yake kumi na moja ya asmini hayana matumba. Majani yalikuwapo. Matawi yalikuwapo, mengine yamevunjwa ncha. Kopo la tatu kutoka ukutani lilikuwa limelala ubavu, udongo umemwagika. Jana yake, kabla ya magharibi, alikuwa ameyatazama matawi hayo moja moja, na kila ncha ilikuwa na matumba matatu au zaidi.

Hakupiga kelele. Alilisimamisha lile kopo, akarudisha udongo kwa kiganja, kisha akaanza kukagua.

Bi Mize alikuwa mjane, fundi wa kushona nguo za watoto. Kazi ya cherehani ilikuwa ya kumlisha, na asmini ilikuwa ya kumfurahisha. Asili ya asmini hiyo ilikuwa dirishani kwa wifi yake, marehemu Mwatumu, mke wa kaka yake. Mwatumu alipofariki na nyumba ile ya zamani ikabomolewa, Bi Mize aliwahi kukata vijiti vitatu vya urefu wa kiganja kabla kifusi hakijaufunika mti. Akavipanda katika makopo ya maziwa. Viwili vikaoza, kimoja kikashika. Kutoka kile kimoja, kwa miaka minne, akapata makopo kumi na moja.

Mtaa ulimcheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Bi Shufaa, jirani yake wa ukuta mmoja, mwanamke wa nyumba kubwa na kauli kubwa.

"Bi Mize, mwenzetu umerudia utoto?" alikuwa akimwita kutoka barazani watu wakisikia. "Wenzio tunalea wajukuu, wewe unalea makopo!"

Bi Mize alikuwa akimjibu, "Makopo hayanijibu ovyo," akaendelea kunyunyiza maji.

Kisha mpwa wa Bi Shufaa akamposa Saumu, binti wa marehemu Mwatumu. Arusi ikapangwa Ijumaa. Saumu aliulizwa anataka apambwe kwa kitu gani, naye akataja kitu kimoja tu: koja la shingoni la asmini ya mama yake, litungwe na shangazi Mize. Bi Shufaa aliposikia alikunja uso. Alikwisha kuwatangazia watu kwamba pambo la bibi arusi litatoka upande wa bwana arusi, tena mkononi mwake yeye.

Bi Mize alifanya hesabu. Koja la nyuzi tatu hula matumba kama mia tatu, na lazima yote yawe tayari siku moja. Wiki sita kabla ya arusi aliipogoa asmini yote hadi ikabaki shubiri mbili. Akainyima maji siku nne, mpaka majani yakalegea. Halafu akaipa samadi iliyooza vizuri na maji ya kuoshea mchele. Bi Shufaa alichungulia juu ya ukuta, akaona visiki, akawaambia watu, "Ameyaua mwenyewe, masikini." Lakini machipukizi yalitoka kwa wingi, na kila chipukizi likaja na matumba, kama Bi Mize alivyokusudia. Yangekuwa tayari Ijumaa alasiri.

Hapo msikilize vizuri, maana methali yote imesimama juu ya jambo hili. Kila mtoto wa Pangani anajua kwamba asmini ya koja huchumwa ikiwa bado imefumba. Si kila mtu anajua imefumba namna gani. Tumba changa lina rangi ya kijani. Siku yake ya kuchanua ikifika, huwa jeupe, na alasiri linavimba. Likichumwa hapo, hata likiwa kwenye uzi litafunguka jioni na kutoa harufu. Likichumwa likiwa kijani limekatiwa riziki yake. Utalilaza katika kitambaa kibichi, utalinyunyizia maji, utaliombea dua, halifunguki.

Asubuhi ile ya Alhamisi matumba ya Bi Mize yalikuwa kijani.

Wanawake wote wa mtaa walikuwa wameitwa nyumba ya arusi tangu saa moja kupepeta mchele. Bi Mize alikuwapo tangu saa hiyo mpaka aliporudi kwake. Bi Shufaa alifika saa nne, akasema mguu ulikuwa unamuuma. Bi Mize alilikumbuka hilo aliposimama uani kwake, lakini kuchelewa si wizi, na hasira si ushahidi. Aliendelea kukagua mpaka akafika kwenye kopo la mwisho, lililokuwa limebanwa kati ya pipa la maji na ukuta. Matawi yake ya nyuma hayakufikiwa na mkono. Alihesabu matumba yaliyosalia, akayahesabu tena. Yalikuwa thelathini na moja.

Alikwenda kumwambia Saumu, aliyekuwa ndani amepakwa msio, dawa ya kung'arisha ngozi, uso mzima.

"Shangazi, mbona umekaa kama uliyekuja kutoa rambirambi?"

"Asmini zimechumwa, mwanangu."

"Na nani?"

"Sijui kwa yakini. Nisichokijua sikisemi."

Uso wa Saumu ulijikunja. Msio ulipasuka mashavuni. "Nilitaka kitu kimoja tu, shangazi. Dhahabu sikuomba. Nilitaka kimoja."

Bi Mize alitoka chumbani humo meno yameumana. Miaka minne ya maji ya asubuhi na jioni, na mtu ameimaliza kwa kucha zake kwa dakika chache! Usiku huo alilisukuma pipa la maji hadi nyuma ya mlango wa uani, likaukaza mtu asiingie.

Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri, alichuma matumba yake thelathini na moja, meupe yote. Akayaweka katika kisahani, akayafunika kwa leso mbichi, akaenda nyumba ya arusi.

Chumba cha kupambia kilikuwa kimejaa. Saumu alikuwa amekaa kitandani, na kando yake Bi Kidawa, somo yake, yule aliyemfunda na ndiye mwenye kauli chumbani humo. Katikati alisimama Bi Shufaa. Mbele yake palikuwa na sinia, na ndani ya sinia koja la nyuzi tatu, nono, limetungwa kwa uzi wa mgomba. Wanawake walikuwa wakisifu.

"Ni za mdogo wangu wa Muheza," Bi Shufaa alikuwa akisema. "Ana mashamba yule. Nimeona tusimchoshe Bi Mize na vikopo vyake."

Bi Mize aliinama juu ya sinia. Akaona matumba ya kijani. Akaona pia ncha za matawi zilizovunjwa pamoja na jani, kama zile zilizokosekana uani kwake.

"Zimechumwa lini, Bi Shufaa?"

"Jana asubuhi, na umande wake. Zimeletwa na basi la mchana."

"Basi hazitachanua."

Mwanamke mmoja akashika kifua. "Astaghafiru! Bi Mize, unamwapiza bibi arusi siku yake?"

"Kijicho hicho!" akadakia Bi Shufaa. "Mmemsikia kwa masikio yenu. Ameshindwa kuleta koja, sasa anatupa kisirani kwenye la mwenziwe. Mtoeni nje kabla hajatuharibia shughuli!"

Wawili walikwisha kusimama wamshike mkono.

"Sikuapiza mtu," alisema Bi Mize. "Nimesema habari ya ua. Tumba la kijani halifunguki, litungwe na mimi au litungwe na sultani. Bi Kidawa, wewe ni mtu mzima. Nasema uongo?"

Bi Kidawa aling'oa tumba moja kwenye koja, akalinusa, akalirudisha. Kisha akafunua kisahani cha Bi Mize, akatazama.

"Vyote viwili viwekwe hapa mezani," alisema. "Vifunikwe kitambaa kimoja, maji yale yale. Magharibi haiko mbali, na bibi arusi hatoki kabla ya magharibi. Na mtu yeyote asiguse."

"Bi Kidawa, kwa maua?"

"Kaa, Bi Shufaa. Si mguu ulikuwa unakuuma?"

Wengine walicheka, kisha wakaacha. Saumu alisukwa nywele. Akatiwa wanja. Alilitazama lile koja mara moja tu, halafu akawa anakitazama kitambaa.

Adhana ilipoadhiniwa chumba kilikuwa tayari kimeanza kunukia. Bi Kidawa alisubiri muadhini amalize, akafunua. Katika kisahani kulikuwa na maua thelathini na moja, wazi, meupe. Koja lilikuwa vile vile lilivyokuja, ila matumba yalikuwa yameanza kuingia wekundu pembeni.

"Bi Shufaa," alisema Bi Kidawa, "mdogo wako wa Muheza alijua kwamba arusi ni leo?"

"Alijua."

"Na asmini ni yake, kaipanda mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi kwa nini alichuma jana? Mwenye mti hana wa kumwogopa. Leo ingekuwa yake, alasiri ingekuwa yake. Anayechuma kabla ya saa ni yule anayeogopa kukutwa saa ikifika."

Bi Shufaa aliwatazama wenzake mmoja mmoja. "Maua tu, jamani," alisema. "Nyumba nzima mnanikalia kitako kwa maua? Nimeua mtu?"

Hapo ndipo hasira ya Bi Mize ilipopata njia.

"Maua tu! Miaka minne ulipokuwa ukiniona nayanywesha, yalikuwa makopo. Jana ulipoyachuma yalikuwa mali, ukayatunga nyuzi tatu, ukayapa jina la mdogo wako. Leo umeulizwa, yamekuwa maua tu. Chagua jina moja, Bi Shufaa! Na ukishachagua, mwambie huyu mtoto. Ule ulikuwa mti wa mama yake. Ungeniomba ningekuchumia kwa mkono wangu, ukalishika sinia wewe, ukasifiwa wewe. Mimi nilitaka avae. Wewe ulitaka kusifiwa, na kwa sifa hiyo umemnyima."

Bi Shufaa alijifunga leso, akatoka. Koja hakulichukua.

Bi Kidawa alitunga yale maua thelathini na moja kwenye uzi mmoja. Hayakutosha shingo. Akayazungusha kwenye fundo la nywele za Saumu, na baada ya sala bibi arusi akatolewa mbele ya wanawake na uzi huo mmoja. Waliokuwa mlangoni walisema harufu iliwafikia kabla yake.

Jumamosi, saa moja asubuhi, Bi Mize alirudi kufuata kisahani chake. Alimkuta Bi Kidawa anasafisha chumba. Sinia lilikuwa bado mezani, na koja ndani yake. Bi Kidawa aliliinua kwenye mwanga wa dirisha, akaupekua uzi wa kwanza, wa pili, na wa tatu, tumba kwa tumba. Yote yalikuwa yamegeuka kahawia. Yote yalikuwa yamefumba.

"Hata moja?" aliuliza Bi Mize.

"Hata moja," alisema Bi Kidawa, akalitia koja kwenye kapu la takataka. "Asmini ya wizi haichanui."